Njia ya Tanner hadi mto Colorado: kila kitu hulipwa kwa maji

Kuanzia maegesho ya magari ya Lipan Point hadi mto Colorado, njia ya Tanner ndani ya Grand Canyon, Arizona, inashuka mita 1,400 hivi kwa mwendo wa takriban kilomita 14. Hapo katikati hakuna bomba, hakuna chemchemi ya kutegemea, na kivuli ni cha kuvizia. Hiyo ndiyo tathmini yenyewe. Yanayofuata ni ufafanuzi tu, kwa sababu mwezi wa kwenda, uzito wa shanta, saa ya kuamka na hata nani atangulie njiani, vyote vinaamuliwa na maji.

Kwa wawili waliokwisha kushuka korongo hili angalau mara moja kwa njia nyepesi, na waliozoea kulala porini bila kuhudumiwa, tunaipa nyota nne kati ya tano, mradi waende Machi, mwanzoni mwa Aprili, mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Mei hadi Septemba hatuipi kitu. Njia ni ile ile, ila joto huigeuza kuwa mtego. Nyota ya tano imekatwa na ukuta wa Redwall, tutafika.

Aliyezoea kupanda Kilimanjaro itabidi ayapindue mazoea yake. Kule unapanda ukiwa na nguvu, na mwili ukigoma, nyumbani ni mteremko. Hapa mteremko unakuja kwanza, mnashuka mkipiga soga, halafu mlima unawangoja siku ya mwisho, vidole vimechubuka na chakula kimebaki makombo. Wagumu wa kubeba mizigo hawapo, wala mpishi wa kuwapokea kambini na uji wa moto. Wahifadhi wa pale wana msemo wanaowakumbusha nao wageni: kushuka ni hiari, kupanda ni lazima.

Njia zinazotunzwa vizuri upande wa kusini ni Bright Angel na South Kaibab. Huko kuna vyoo, doria na kambi rasmi, na hifadhi yenyewe huwashauri wageni waanzie huko. Tanner iko kwenye kundi la njia zilizoachwa katika hali ya asili. Wenyeji wa korongo waliipita zamani sana, mchimba madini Seth Tanner akaitengeneza mwishoni mwa karne ya 19, wezi wa farasi nao wakaipitishia mifugo ya wizi. Leo mvua ikimega kipande cha njia, fundi haji. Wapitaji wanaofuata ndio wanaokanyaga njia mpya. Kwa hiyo ramani ya karatasi mbebe, na iliyo kwenye simu mwihifadhi kabla ya kuondoka, maana mkishashuka chini ya ukingo msitegemee mtandao.

Upande wa kibali, huduma ni nzuri kuliko sifa yake. Maombi yanapita kwenye tovuti ya Recreation.gov. Bahati nasibu hufunguliwa tarehe 16 na kufungwa tarehe 1, miezi minne kabla ya mwezi wa safari. Anayetaka kwenda Aprili, dirisha lake ni 16 Novemba hadi 1 Desemba. Kibali ni dola 10, kisha dola 15 kwa kila mtu kwa kila usiku anaolala chini ya ukingo, kwa hiyo wawili kwa siku tatu za kulala hulipa dola 100 kamili. Kiingilio cha gari ni dola 35 kwa siku saba. Tangu 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi huongezewa dola 100, kila mmoja, na hilo ni donge kubwa kwa wanaotoka Nairobi au Muscat kuliko kwa ndugu zao walio Texas. Eneo la kuandika kwenye fomu ni Tanner, alama yake BB9. Nafasi zake hazigombewi kama zile za Bright Angel.

Lipan Point iko kwenye barabara ya Desert View Drive, kilomita tatu hivi kabla ya kituo cha Desert View ukitokea Grand Canyon Village, kijiji kikuu cha hifadhi upande wa kusini. Mabasi ya bure ya hifadhi hayafiki huko, kwa hiyo lazima muwe na gari au mtu wa kuwashusha. Gesi ya jiko hairuhusiwi kwenye ndege hata kidogo. Inunuliwe Flagstaff au dukani kijijini. Njia haianzii kwenye ukuta wa kutazamia mandhari, wanapojazana watalii na simu zao. Mkishaegesha, rudini kidogo kwa miguu kwenye barabara mliyoingilia, mtaona kibao upande wa mashariki.

Kabla hamjashuka, simameni ukingoni mtazame rangi ya mto. Kutoka hapo Colorado huonekana vizuri kuliko kutoka vituo vingi vya ukingo wa kusini, na hii si starehe ya macho tu. Mto ukiwa wa kijani, maji yatachujika bila taabu. Ukiwa na rangi ya uji wa ulezi, maana yake mto Little Colorado, unaoingia kilomita 11 hivi juu ya Tanner, umeshusha tope, na kila lita mtakayokunywa chini itadai kazi. Hapo bado mko karibu na gari. Ongezeni ndoo ya pili ya kutulizia maji.

Kilomita tatu za kwanza zinashuka karibu mita 500. Ni kona juu ya kona, mawe yaliyolegea na ngazi za mwamba zinazofika magotini. Sehemu hii hupata jua kidogo, kwa hiyo theluji na barafu hukaa hapo hata wakati chini watu wamevaa fulana. Machi na Novemba mwishoni, bebeni vyuma vya kuvalisha viatu. Jozi moja ina uzito wa gramu 350 hivi. Mnatokea kwenye bapa kati ya mabonde mawili, Seventyfive Mile Saddle, penye mahali pazuri pa hema.

Kutoka hapo njia inazunguka chini ya vilima vya Escalante na Cardenas kwa kilomita nne au tano karibu tambarare. Ndipo Tanner inapojilipa. Korongo hapa limefunguka, halikubani kama kule Bright Angel, na mto unauona ukipinda mbali chini siku nzima. Miguu inapumzika, na tatizo linaanzia hapo hapo: wawili hujisahau, wanapiga picha, jua linapanda, na saa nne asubuhi inawakuta bado juu ya Redwall wakati sehemu ya joto zaidi haijaanza.

Redwall ni ukuta wa chokaa ulio mwekundu kwa kutiwa rangi na matabaka ya juu yake. Njia imepata ufa wa kupenyea, lakini ufa wenyewe umejaa kokoto juu ya mteremko mkali, na kokoto hizo huteleza kama punje za mahindi kwenye sakafu ya saruji. Kinachoharibika hapa si ujasiri, ni mpangilio. Watu wawili wakishuka wamefuatana karibu, mmoja akiwa juu ya mwenzake moja kwa moja, jiwe la wa juu humpata wa chini. Dawa yake ni mmoja kwenda hadi kona inayofuata, atoke kwenye mstari wa mawe, kisha aite. Fimbo ziwe ndefu kwa sentimita 10 kuliko za tambarare, mikanda ya kiganjani ivuliwe ili ukianguka mkono uwe huru. Hatua ziwe fupi, uzito juu ya mguu wote, wala si juu ya kisigino. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayekaa chini.

Tumekata nyota kwa sababu sehemu hii inakuja baada ya saa tatu au nne za kushuka, magoti yamechoka, na hakuna njia ya kuikwepa. Ubovu wa njia wenyewe si lawama. Ndiyo hali ya njia za aina hii. Ila tathmini nyingi huisema kwa mstari mmoja wakati ndiyo inayoamua kama mwenzako atafurahia safari au ataihesabu kama adhabu.

Chini ya Redwall ni kilomita sita hivi za uchi. Mwisho wake mnatembea juu ya mgongo wa mwamba wa Dox, mwekundu kama tofali, wenye vijiwe vidogo vya mviringo juu ya ardhi ngumu. Hakuna mti. Mto unaonekana, hata sauti yake inasikika, na bado haufiki. Wengi hunywa maji yote hapa wakidhani wameshafika. Hesabuni saa mbili nzima tangu mto uonekane karibu, na kila mmoja abaki na lita moja.

Kushuka kote huchukua saa tano hadi nane. Hifadhi inashauri watu wasitembee kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni wakati wa joto, kwa hiyo anzeni saa kumi na moja alfajiri, tochi kichwani. Chini ni moto kuliko ukingoni kwa nyuzi 11 au zaidi. Phantom Ranch, nyumba ya wageni iliyo kando ya mto huo huo, wastani wa joto la mchana ni nyuzi 22 mwezi Machi, 28 Aprili, 33 Mei na 41 Julai. Kati ya Aprili na Mei tofauti ni nyuzi tano tu, lakini kwenye Dox, ambako mwamba wenyewe unawaka, tano hizo ndizo zinazobadilisha lita nne kuwa saba.

Sasa maji, na hapa tutakaa.

Kila mmoja aondoke Lipan Point na lita saba. Ndiyo, ni kilo saba. Nne ni za kunywa hadi mtoni. Tatu ni za kuficha juu ya Redwall, kwa ajili ya kurudi. Watu huuliza kwa nini zisifichwe chini ya ukuta, ambako zingekuwa karibu na mto. Jibu ni kwamba ukizificha chini, utazibeba mwenyewe kuupanda ukuta ule ule. Juu yake, unazikuta mkiwa mmemaliza kazi kubwa, mahali tambarare penye nafasi ya kulala, na ndipo usiku wa mwisho unapofaa kulala. Chombo kiwe cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kusokota. Mifuko laini hutobolewa na panya na kudonolewa na kunguru. Kiwekeni chini ya mwamba upande wa kaskazini, muandike jina na tarehe ya kukichukua, mpige picha ya mwamba na ya mandhari iliyo nyuma yake. Miamba ya Supai, tabaka lililo juu ya Redwall, hufanana, na jioni kivuli hubadilisha kila kitu. Maji ya mwenzako usiyaguse hata yakionekana kusahaulika, na vyombo vyenu lazima mrudi navyo.

Mtoni, kama maji ni ya kijani, kichujio cha kawaida cha kubana kinatosha kwa wawili. Yakiwa ya tope, kichujio hicho kitaziba ndani ya lita moja au mbili, na ndipo mtu anapoanza kukikamua kwa hasira hadi kinapasuka. Kwanza tulizeni maji. Chombo ni ndoo ya kitambaa ya kukunja, ya lita 10, gramu 100 na ushei. Jazeni, tieni shabu (alum) ya unga, robo kijiko cha chai, koroga kwa nguvu nusu dakika kisha taratibu dakika mbili, iacheni nusu saa bila kuigusa. Chembe za tope husukumana zenyewe kwa zenyewe kwa sababu zote zina chaji ya aina moja, ndiyo maana huelea usiku kucha. Shabu huiua chaji hiyo, chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Mtaona kwa macho: kwanza maji yanakuwa kama yamekatika, halafu vipande kama vya maziwa yaliyoganda vinashuka, na sehemu ya juu inabaki angavu hata mkunjo wa kitambaa ulio chini unaonekana. Chukueni robo tatu ya juu kwa kikombe, bila kuinamisha ndoo. Kisha ndipo mchuje na kutia dawa. Shabu hung'arisha maji tu, wadudu haiwaui.

Watu wa pwani wanaijua shabu kwa mambo mengine, na bibi wengi bara wametuliza maji kwa mbegu za mlonge. Mlonge nao hufanya kazi, ila huacha mabaki ya mbegu na maji huvunda yakilala. Kwa safari hii shabu ni bora. Gramu 20 zinawatosha wawili kwa siku nne na zitabaki.

Jambo lingine ambalo wageni hawalitegemei ni kwamba mto huu hupanda na kushuka kila siku kama bahari. Bwawa la Glen Canyon, kilomita 135 hivi juu, hufungulia maji kufuata mahitaji ya umeme, na mabadiliko hayo huchukua saa nyingi kufika Tanner, kwa hiyo mto unaweza kujaa usiku wa manane bila wingu hata moja angani. Angalieni mstari wa unyevu kwenye mchanga. Hema, viatu na ndoo vikae juu yake, tena kwa umbali wa kutosha. Maji hutoka kilindini mwa bwawa hivyo ni ya baridi, na mkondo una nguvu kuliko unavyoonekana kutoka ufukweni. Kuoga ni kwa kikombe, au miguu tu mahali palipotulia. Kuogelea, hapana.

Na mkojo uende mtoni. Hili huwashangaza waliolelewa kuambiwa mto haukojolewi, lakini ndiyo kanuni ya hifadhi hapa: jangwa halina mvua ya kuosha mchanga, harufu hubaki msimu mzima kambini, wakati mto ni mkubwa. Haja kubwa ichimbiwe shimo la sentimita 15, mita 60 kutoka majini, na karatasi mrudi nayo kwenye mfuko wa kufunga. Moto wa kuni hauruhusiwi. Eneo la chumvi takatifu la Wahopi, juu karibu na makutano na Little Colorado, limefungwa kwa wageni, msilitafute.

Usiku adui ni mdogo. Panya hutoboa shanta kufuata njugu moja iliyoanguka mfukoni, na kunguru wa pale wanajua kufungua zipu. Chakula chote, hata dawa ya meno, kikae kwenye mfuko wa wavu wa chuma, na shanta liachwe wazi, mifuko imefunguliwa, ili panya aingie na kutoka bila kutafuna. Viatu vikung'uteni asubuhi kwa ajili ya nge. Nyoka wa huko wenye njuga mkiani wana rangi ya mwamba wenyewe, kwa hiyo mkono usitangulie mahali ambapo jicho halijafika, hasa mnapoinua jiwe la kufunikia maji yenu.

Kuhusu kwenda wawili, tunaona kosa moja kubwa: kugawana vitu kana kwamba hamtaachana. Mmoja anabeba kichujio na jiko, mwingine hema na ramani, halafu mwenye kasi anatangulia "kidogo tu". Kwenye Tanner kona moja inatosha kupotezana. Kila mmoja awe na maji yake, taa yake, filimbi yake, chumvi yake na vidonge vya kusafishia maji vya akiba, ambavyo ni gramu chache tu. Vinavyogawanywa ni hema, jiko, sufuria, ndoo. Mgawo wenyewe usiwe nusu kwa nusu. Bila maji, vifaa na chakula vya mtu mmoja ni kilo 11 hivi. Ongeza saba za maji, unapata 18. Kwa mwenye kilo 85 ni mzigo, kwa mwenye kilo 55 ni mateso ya magoti. Mkubwa abebe hema na maji yote ya kuficha. Mwendo ni wa aliye polepole, naye ndiye atangulie, isipokuwa Redwall ambako anatangulia mwenye macho mazuri ya njia. Ufunguo wa gari uwe mahali ambapo wote wawili wanapajua.

Kagueni pia mwenzako anakunywaje. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukasirika bure hutokana na upungufu wa maji, lakini hutokana vilevile na maji mengi bila chumvi, na tiba zake zinapingana. Aliyekaa saa nyingi bila kukojoa, au mkojo wake una rangi ya chai, apewe maji taratibu na akae kivulini. Anayekojoa kila mara mkojo mweupe, vidole vimevimba hata pete haitoki, maji yasimamishwe na ale chumvi; akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, bonyezeni kifaa cha setilaiti. Kinga ni kula kila saa: karanga za chumvi, tende, bisi, kashata. Chapati zinafaa siku ya kwanza. Ya pili hewa kavu imezigeuza mbao. Ubuyu ni mzuri mdomo unapokataa vitu vitamu.

Vifaa vingine kwa kifupi. Viatu viwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, na kucha zikatwe siku tatu kabla, si usiku wa kuamkia safari. Hema la wavu bila kifuniko cha nje linatosha Oktoba kama utabiri ni mkavu, mnaokoa nusu kilo. Machi msijaribu, kwa sababu upepo wa ufukweni hujaza mchanga kila kitu. Mwavuli wa rangi ya fedha, ambao wengi huucheka dukani, ndio kivuli pekee kwenye Dox.

Mpango tunaoupendekeza ni wa siku nne. Siku ya kwanza hadi mtoni. Ya pili pumzikeni, tulizeni maji, tembeeni asubuhi ufukweni. Ya tatu msiondoke alfajiri. Kaeni kivulini mwa miti ya kando ya mto hadi saa tisa na nusu alasiri, mkinywa na kula, kisha jua likianza kushuka muanze kupanda na lita nne kila mmoja, mashati yameloweshwa. Katika hewa ile shati hukauka ndani ya robo saa, lakini robo saa hiyo inawatoa kwenye kipande cha kwanza. Mtafika juu ya Redwall gizani au karibu na giza, mtayakuta maji yenu, mtapika na kulala. Mkiona ukuta ule hamuuwezi gizani, lalani chini yake na muupande kwa mwanga wa kwanza. Lita nne zitawavusha. Kupanda kote, ukijumlisha, ni saa nane hadi kumi na mbili kwa wenye mashanta, yaani karibu mara moja na nusu ya kushuka.

Siku ya nne ondokeni saa kumi na moja. Sehemu tambarare itapita haraka kwenye ubaridi, mtafika bapani jua likichomoza. Zile kilomita tatu za mwisho ndizo zinazodanganya: ukingo unaonekana, magari yanasikika, na bado ni mita 500 za kupanda. Tembeeni dakika hamsini, mkae kumi, miguu juu ya jiwe. Anayehema hadi hawezi kuongea sentensi nzima apunguze mwendo. Ndani ya gari muwe mmeacha lita tano za maji, kitu cha chumvi na kandambili kwa kila mmoja. Kama hamkuacha, duka la Desert View liko kilomita tatu, ila kagueni saa zake za kufungua kabla ya kushuka, maana hubadilika kwa msimu.